Kumsingizia Paulo

Mwezi uliopita tulimzika Mchungaji Zakaria kule Masaki ya Kisarawe, na walipofika kwenye kusoma wasifu wake nilitaka kusimama nipige kelele. Sikusimama. Magoti yangu siku hizi hayakubali mambo ya ghafla, na isitoshe walikuwa wamenikalisha katikati ya akina mama wa kwaya, wanene wote, Mungu awabariki, hata kunyanyua kiwiko ni kazi. Msomaji alikuwa Amosi, mjukuu wa marehemu, naye ni mchungaji kijana mwenye sauti iliyozoea maikrofoni. Kasoma kuzaliwa, kasoma ubatizo, kasoma ndoa, akafika hapa: "Na katika ujana wake babu yetu alisimama peke yake mbele ya baraza la wazee, akasema maneno ambayo kanisa hili halitayasahau: Kumtoa Paulo pale si kumfuta, ni kuacha kumsingizia." Watu wakaitikia amina. Bibi mmoja pembeni yangu akafuta machozi. Mimi nikauma ncha ya kanga mpaka fizi zikauma. Maneno yale nayajua. Najua hata mvua iliyokuwa ikinyesha siku yaliposemwa. Neema, mjukuu wangu, ambaye anaandika haya wakati mimi nasema, ananiambia nilainishe kidogo, marehemu hasemwi. Nimemwambia kazi yake ni kuandika, aliache neno langu kama lilivyo.

Nilikozaliwa na walionizaa si habari ya sura hii. Habari ya sura hii ni mwaka mmoja tu, enzi za Mwingereza, ule mwaka vitabu vipya vya Maandiko vilipofika misheni ya kwetu Kisarawe vikiwa ndani ya magunia, vinanuka gundi. Nilikuwa binti wa miaka ishirini, mwanamke peke yangu katika darasa la walimu wa dini, nina mdomo kuliko umri. Kitu nilichokitaka mwaka ule kilikuwa kimoja, na nilikitaka mpaka nakiota: shule ya Soga. Mwalimu wetu alikuwa Zakaria huyu huyu tuliyemzika, wakati huo hajawa mchungaji bado, naye alinipeleka kuiona mwanzoni mwa mwaka. Darasa lenyewe lilikuwa banda la makuti. Lakini nyuma yake kulikuwa na chumba cha mwalimu, kina dirisha linalotazama reli, meza chini ya dirisha, msumari ukutani wa kutundikia taa, na mlango wenye kufuli. Kufuli, jamani! Tangu nizaliwe sikuwahi kulala katika chumba ambacho ufunguo wake ninao mimi. Treni ya kwenda bara ilipita tukiwa mle ndani, meza ikatetemeka, nami nikaiwekea kiganja juu kama mtu anayemtuliza mbuzi. Mwalimu akacheka. "Damari," akasema, "ukipata cheti cha baraza mwisho wa mwaka, meza hiyo ni yako. Usipopata, watamleta mwingine." Baraza la wazee wa kanisa ndilo lililokuwa na neno la mwisho mwaka ule, maana Mzungu wa misheni alikuwa amekwenda kwao likizo.

Mwalimu Zakaria alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kusema samahani kwa mlango akiugonga. Lakini akifundisha nyaraka za mitume alikuwa mtu mwingine kabisa. Vitabu havikutosha, kwa hiyo tulikuwa tunanakili kwa mkono kutoka kitabu kimoja kilichokaa mezani kwake. Siku moja alikusanya madaftari yetu, akayapanga, akayatazama kwa muda, kisha akasema, "Yoeli ameruka mstari. Damari naye ameruka mstari ule ule. Basi mmoja wenu hakunakili kitabuni, kamnakili mwenzake." Yoeli, kijana aliyekaa nyuma yangu, akainamisha kichwa mpaka nikaona kisogo chake. "Msione haya," Mwalimu akaendelea. "Ndivyo nyaraka zilivyotufikia. Waliandika, wakanakili, wakanakili nakala za nakala. Mmoja kasinzia, mwingine kaongeza neno alilodhani limesahauliwa. Wenye elimu wanazipanga nakala mezani, wanatafuta makosa yanayofanana, wanajua nani kamfuata nani." Akatuonyesha mwisho wa waraka kwa Warumi, pale mtu aitwaye Tertio anapochungulia mara moja tu na kutoa salamu zake, kwamba yeye ndiye aliyeandika. Tulishtuka. Kumbe Paulo alikuwa akisema na mwingine akiandika, halafu mwishoni mwa baadhi ya barua Paulo anachukua kalamu na kutia salamu kwa mkono wake mwenyewe, pengine kwa herufi kubwa kubwa, ili watu wajue ni yeye. Tangu wakati ule ule, Mwalimu alisema, watu walikuwa na hofu ya barua zinazotembea kwa jina lake ambazo hakuzituma.

Tulipofika Waebrania alikwenda akafunga dirisha. "Haya ni ya humu ndani," alisema. Akaweka kitabu cha zamani na kitabu kipya bega kwa bega. Cha zamani, juu ya waraka, kimesema ni wa Paulo Mtume. Kipya kimesema waraka kwa Waebrania, basi. Jina limeondoka. "Limeondoka kwa sababu halikuwamo," akasema Mwalimu. "Waraka wenyewe hausemi ni wa nani. Hauna hata salamu mwanzoni. Na mwenye waraka huu anasema habari aliipata kwa wale waliomsikia Bwana. Sasa Paulo mnamjua. Yule aliyegombana na watu akisema hakufundishwa na mtu yeyote! Paulo angekubali kusema hivi?" Tukacheka, maana kweli, Paulo tulikuwa tumeshamjua kwa ukali wake. Yoeli akauliza, basi ni wa nani? Mwalimu akasema wako waliomtaja Barnaba, wako waliomtaja Apolo, na ukweli ni kwamba Mungu ndiye ajuaye. Watu waliupenda waraka ule, hawakujua ni wa nani, wakaupa jina kubwa lililokuwa karibu. Kisha akafungua dirisha, tukaimba.

Bweni la misheni lilikuwa la wavulana, kwa hiyo mimi nililazwa kwa jirani, Bi Siwatu, mjane wa Kizaramo, Mwislamu tangu mababu. Chumba changu kilikuwa nusu chumba, nusu ghala la korosho, na mpaka leo nikisikia harufu ya korosho mbichi naona ukuta ule wa udongo na kanzu yangu ya Jumapili inaning'inia. Jioni tulikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa kisamvu cha nazi, na akipata papa mkavu nyumba nzima ilijua. Jina langu Bi Siwatu hakuweza kulitamka, aliniita Damali. Alikuwa na mwana mmoja tu, Mudi, kuli wa bandarini Tanga, hodari wa kutojibu barua, na mimi ndiye niliyekuwa namwandikia. "Andika," aliniambia siku moja, mchi uko mkononi, wala hakuacha kutwanga. "We Mudi! Mbuzi kazaa. Paa linavuja upande wa kitanda changu, si wa kwako, kwa hiyo najua hujali. Ukikaa kimya tena nitakuja huko huko nikucharaze mbele ya wenzio. Basi." Mimi msichana wa misheni, niliyefundishwa adabu za barua, nikaona aibu kwa niaba yake. Barua gani haina salamu? Nikaandika hivi: Mwanangu mpendwa, natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya. Mimi mama yako nakukumbuka sana. Juu ya paa usiwe na wasiwasi. Na kama kuna lolote ulilonikosea nimekusamehe, nami nimekuwia radhi. Nilibandika stempu nikajiona nimetenda wema.

Wiki zikapita. Mchana mmoja tuko uani tunabangua korosho, mlango ukasukumwa, akaingia kijana mrefu ana vumbi mpaka kwenye kope, amekumbatia kitita cha nguo nyeupe. Akamwona Bi Siwatu, akaketi mchangani pale pale aliposimama. "Mama," akasema, "u hai?"

"Kwani nani kakwambia nimekufa?"

"Si wewe mwenyewe umeniaga!" Mudi akatoa barua mfukoni, imekunjwa mpaka inakaribia kukatika. "Umeniwia radhi! Mama gani anamwandikia mwanawe radhi kama hayuko kitandani anakata roho? Na hukunitukana hata mara moja. Nikasema huyu kesha kwenda, au yuko mbioni." Kitita kile kilikuwa sanda. Kaacha kazi, kanunua sanda njiani, kaja kumzika mama yake.

Bi Siwatu akanigeukia polepole. "Damali. Umemwandikia nini mwanangu?" Nikasoma. Nilipofika kwenye paa akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika misheni. "Asiwe na wasiwasi! Mimi nalala na sufuria kifuani, wewe unamwambia asiwe na wasiwasi!" Nikaomba radhi, tena neno lile lile, wakanitazama wote wawili, na Mudi akaanza kucheka, mama yake akafuata, mimi ndiye nikabaki nalia. Baadaye Mudi alikuja kuniambia kwa upole, "Mwandiko nilijua si wake, dada. Mama hajui kushika kalamu, hilo halikunishtua. Maneno ndiyo hayakuwa yake." Bi Siwatu aliikung'uta sanda, akaikunja vizuri, akaiweka sandukuni. Itafika siku yake, alisema, na akamtuma Mudi apande juu akatazame paa. Kesho yake nilimweleza Mwalimu Zakaria kisa chote. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaacha kucheka. "Hilo ndilo," akasema. "Hilo ndilo lenyewe."

Laiti ningeishia kwa Mwalimu. Lakini kila Alhamisi nilikuwa nafundisha akina mama kanisani, kama sehemu ya majaribio yangu, na mmoja akauliza mbona kitabu kipya hakina jina la Paulo juu ya Waebrania. Ningeweza kusema, mama, muulize Mwalimu. Mdomo huu! Nikajibu kwa pumzi moja: mwandishi wa Warumi ni Tertio, na mwandishi wa Waebrania hajulikani. Hapakuwa na uongo katika jibu lile. Ubaya ulikuwa katika neno mwandishi. Kwetu sisi mwandishi ni karani anayeandika anachoambiwa, na mwandishi ni mwenye kuyatunga maneno pia, wote wawili wanavaa neno moja. Kwa Warumi nilikuwa na maana ya karani, kwa Waebrania nilikuwa na maana ya mwenye maneno. Akina mama walisikia maana moja. Kabla ya jua kuzama Masaki nzima ilijua Damari kasema Paulo hakuandika kitu. Nilipokwenda kununua chumvi, mwenye duka, Mwislamu, jirani yetu mwema siku zote, akanipokea kwa sauti: "Ee binti wa misheni! Nasikia Paulo mmemwachisha kazi? Si tuliwaambia kitabu chenu kinabadilishwa!" Watu wakacheka, na yeye hakuwa na ubaya, utani tu. Lakini ndani ya duka alikuwamo mke wa Mzee Nathanaeli, mzee mkuu wa kanisa. Huyo hakucheka. Aliweka kibaba cha mchele alichokuwa ameshika, akatoka bila kununua.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nyuma ya kanisa nasuuza vikombe, nikawasikia wazee wawili wanaongea barazani. Mmoja alisema, "Msichana hakuyatoa kichwani mwake." Mwingine akasema, "Lisemwalo lipo. Kama kafundishwa na Zakaria, habari ya kumbariki kuwa mchungaji imekwisha." Wa kwanza akauliza, "Na yeye msichana?" "Akimtaja aliyemfundisha, basi, ni mtoto tu, kapotoshwa. Apewe cheti chake aende Soga. Asipomtaja, ni yake mwenyewe, na hatuwezi kumpa mtu wa namna hiyo watoto wa watu." Nilishika kikombe mpaka maji yakakauka mkononi. Mwalimu Zakaria alikuwa abarikiwe kabla ya Krismasi, kanzu yake ilikuwa imeshakatwa. Njia ilikuwa nyeupe: taja jina, chukua ufunguo. Nilipokuwa narudi nikakutana naye kwenye njia ya migomba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anatazama viatu vyake. "Wameniuliza kama najua ulikoyatoa," akasema. Nikamuuliza, "Ukawajibu nini, Mwalimu?" Akasema, "Nimewaambia wakuulize wewe." Nikangoja aongeze neno. Hakuongeza, akapita.

Siku ya baraza bada haikupita kooni. Nilitamani niugue homa wanihurumie. Bi Siwatu akasukuma sahani mbele yangu. "Kula wewe. Mtu haendi barazani na njaa, atakubali kila kitu." Nikala matonge mawili kwa ajili yake. Mvua ilianza nikiwa njiani, na nilipoingia kanisani ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba wazee walikuwa wanasema kwa kupaza sauti, hata waliotaka kusema kwa wema walisikika wakali. Walikaa kwenye mabenchi, vikombe vya chai ya mchaichai mkononi, na hakuna aliyenipa kikombe. Mwalimu Zakaria alikaa karibu na dirisha, kofia juu ya magoti. Mzee Nathanaeli alikuwa na kitabu chake cha zamani, kimefungwa kwa kitambaa cha kaki. Akakifungua mbele yangu, akaweka kidole juu ya jina. "Mimi nilijifunza kusoma nimeshazaa," alisema. "Herufi hii, P, niliijulia hapa. Hapa juu ya waraka huu. Kidole changu kilikaa hapa, juu ya jina la mtume, nikalia kwa furaha. Leo wewe, mtoto wa juzi, unaniambia kidole changu kilikaa juu ya uongo?" Nilikuwa nimejiandaa kumwogopa. Kumwonea huruma sikuwa nimejiandaa, na nusura niseme hapana, mzee, ni wa Paulo, yaishe.

Lakini alikuwa ameuliza, na mimi nilikuwa nimelijibu swali lile uani kwa Bi Siwatu. Nikasema kwa kupaza sauti juu ya mvua. "Mzee wangu, mimi namwandikia barua Bi Siwatu. Kalamu yangu, barua yake, na hakuna anayesema barua ni ya Damari. Tertio alikuwa hivyo, Paulo hakupungukiwa kitu. Lakini siku moja niliandika maneno yangu mwenyewe nikayatia jina la Bi Siwatu. Maneno mazuri, ya adabu. Mwanawe akaja na sanda. Waebrania ni maneno mazuri, mzee, wala sijasema yatupwe. Ila sauti si ya Paulo, na waraka wenyewe haujasema ni wake. Kumtoa Paulo pale si kumfuta, ni kuacha kumsingizia." Mzee mmoja akadakia, "Kusingiziwa jema kuna ubaya gani?" Nikamjibu, "Kusingiziwa jema ni kusingiziwa vile vile." Kuna mtu alipaliwa na chai, sijui ni kicheko au ni hasira. Mzee Nathanaeli hakucheka wala hakukasirika. Aliondoa kidole chake kitabuni, akakitazama, akauliza lile swali.

"Nani kakufundisha haya?"

Nikamtazama Mwalimu Zakaria. Alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa pindo la shati, anaifuta na kuifuta. Nilimpa muda. Mungu ni shahidi yangu, nilimpa muda wa kutosha mtu kusimama, kukohoa na kusema neno moja. Niliiona meza ya Soga chini ya dirisha lake, nikauona na msumari ukutani. Nikasema, "Aliyesema ni mimi."

"Sikuuliza nani kasema. Nimeuliza nani kakufundisha."

"Aliyesema ni mimi, mzee. Hakuna mwingine." Mvua ikaendelea kupiga bati, na Mwalimu akavaa miwani yake.

Waliniamini wote. Cheti kikazuiwa mpaka nitakapojua adabu, na siku hiyo haikutajwa ni lini. Soga alipewa Yoeli, yule aliyenakili daftari langu. Kesho yake mchana Mwalimu Zakaria alibisha hodi kwa Bi Siwatu. Bi Siwatu, ambaye alikuwa ameshajua kila kitu kama alivyojua siku zote, alimnawisha mikono akamkaribisha bada, maana mgeni ni mgeni. Tulikula watatu kwenye sinia moja. Mwisho Mwalimu akasema, "Umesema vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi." Nikamwambia, "Nilitaka useme wewe. Hata vibaya." Akaacha tonge lake lililobaki, akanawa, akaaga. Bi Siwatu akanisogezea lile tonge nilimalize mimi. Mwezi ule ule nilifunga nguo zangu nikaondoka. Mwalimu alibarikiwa kabla ya Krismasi, akawa mchungaji mwema, alibatiza na kuzika watu wengi, wala sitamsemea baya lingine. Mimi nilishona nguo Mlandizi, nikaja kufundisha shule za serikali, nikastaafu, nikajenga hapa Tangini. Vyumba vyenye funguo nimekuja kupata, vingi tu. Cha Soga sikukipata. Neema ananiuliza kama nilimchukia Mwalimu. Nilikuwa nataka kusema hapana, kwa sababu ya msiba. Nilimchukia, tena miaka mingi, halafu nikachoka.

Basi baada ya maziko mwezi uliopita tukakaa kula, na Amosi akapita kuwasalimu wazee. "Shikamoo Bibi." Nikamwitikia, nikamshika mkono asiondoke. "Yale maneno ya barazani uliyoyasoma," nikamuuliza, "umeyatoa wapi?"

"Babu aliyahubiri kila mwaka, Bibi. Kila tulipofika Waebrania."

"Alisema ni nani aliyeyasema?"

Amosi ni kijana mkweli, alifikiri kwanza. "Jina hakutaja," akasema. "Alikuwa anasema tu, palikuwa na mtu aliyesimama mbele ya baraza akasema hivi. Na hapo sauti ilikuwa inamkwama, hawezi kuendelea, anaomba tuimbe. Tukajua anajisema mwenyewe kwa unyenyekevu. Nani mwingine angekuwa?"

Kijiko kikaniponyoka kwenye pilau. Tangu wasifu uliposomwa asubuhi ile, nilikuwa namwita mwizi moyoni. Kumbe hakuniibia. Aliniacha bila jina, anayahubiri maneno yangu mwaka hata mwaka, koo linamkwama, wala kulitamka jina langu hakuweza, kama vile hakuweza kusimama siku ile. Na waliompenda walipokuta maneno mazuri hayana mwenyewe, wakayapa jina kubwa lililokuwa karibu. Wamemsingizia Mwalimu, masikini, tena wamemsingizia jema. Nikamwambia Amosi, "Aliyesema ni mimi."

Barazani niliyasema maneno hayo hayo ili nimfiche mtu, na kila mzee akayaamini. Safari hii yalikuwa kweli tupu. Amosi akanipapasa mkono wangu, taratibu, kwa heshima zote. "Pole Bibi," akasema. "Jua limekuwa kali leo. Nikuletee maji?" Akaniletea. Nikayanywa, kiu nilikuwa nayo.

Hapa nimemwambia Neema anipe kalamu. Hataki, anasema mkono wangu unatetemeka, na macho haya yenye ukungu yataharibu ukurasa. Ni kweli, lakini nimeichukua. Herufi ni kubwa, zinapanda na kushuka, mstari mmoja unakula nafasi ya mitatu. Si neno. Ya juu yote ameandika Neema, maneno ni yangu. Haya ya mwisho naandika kwa mkono wangu: niliyesema ni mimi, Damari.